Mshipa uliovimba na tuta la kome vina jina moja. Kiswahili chake ni kipi?

#1 Ngamiani_K

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kufasiri. Wiki hii nimepata kazi mbili kutoka kwa watu wasiojuana kabisa. Ya kwanza ni kikaratasi cha kuwapa wagonjwa wa ini wanaosubiri kuingizwa kamera ya kuangalia umio. Ya pili ni vibandiko vya kabati la makome. Kuna mzee aliyeyakusanya zaidi ya miaka 30, sasa anataka wajukuu wake wayasome kwa Kiswahili.

Jumatatu nikakutana na neno *varix* kwenye kikaratasi cha wagonjwa. Jumatano nikalikuta kabatini, chini ya kome lenye miiba. Nikajua mzee kakosea, nikataka kumpigia simu nimsahihishe kwa adabu. Bahati nzuri nilitafuta kwanza. Hakukosea.

Neno ni la Kilatini, wingi wake *varices*. Humu nitaandika variksi ili tusichoshane. Warumi walilitumia kwa mshipa wa damu uliotuna na kujipindapinda, hasa wa mguuni. Celsus, aliyeandika habari za tiba zama za kaisari Tiberius, anataja njia mbili za kuuondoa: uchomwe kwa chuma cha moto au upasuliwe utolewe. Plutarch naye ana kisa cha Marius, jemadari aliyekuwa konsuli mara 7, akafa mwaka 86 KK. Miguu yake yote miwili ilijaa mishipa hiyo, akaona inamharibia sura. Akamwita tabibu, akakataa kufungwa kamba, akanyoosha mguu mmoja ukakatwakatwa bila yeye kuguna. Tabibu alipougeukia wa pili, Marius akasema basi, dawa hii naona haifikii maumivu yake.

Baadaye sana, wataalamu waliokuwa wakiyapa makome majina ya Kilatini walihitaji neno la yale matuta manene yanayolikatiza ganda kutoka mshono (pale mizunguko miwili ya ganda inapokutana) hadi mshono. Wakayatazama, wakaona kitu kama mshipa uliotuna chini ya ngozi. Wakaazima neno la matabibu.

Sasa sisi tunasemaje? Kwenye kikaratasi nimeandika "vena zilizovimba", nadhani inaeleweka. Kwenye kome haiwezekani, ganda halina vena. Nimejaribu "tuta", mke wangu akaniuliza kama ni la barabarani.

Nisaidieni. Vibandiko vinatakiwa Jumamosi.

#2 Kisamvu cha Nazi

Naweka kambi hapa. Yaani konokono ana ugonjwa wa miguu na miguu yenyewe hana.

#3 Nesi wa Zamu

Mkuu Ngamiani, kabla watu hawajakuletea majina, tuelewane kwanza kinachovimba ni nini na kwa nini, maana "mshipa" kwa Kiswahili ni kapu. Vena ni mshipa, ateri ni mshipa, neva watu wanaita mshipa, na kuna anayekuja kliniki anasema "nina mshipa" akimaanisha ngiri. Ukimuuliza unamwuma wapi, anaangalia dirishani.

Variksi ni ya vena. Ateri inapata msukumo wa moyo. Vena inarudisha damu, na ya mguuni inairudisha kwa kupanda mlima kutoka unyayoni. Inasaidiwa na msuli wa shavu la mguu unaoikamua kila ukipiga hatua, na vilango vidogo ndani yake vinavyofunguka kuelekea juu tu. Fabricius wa Padua alivichapishia maelezo mwaka 1603. Mwanafunzi wake, William Harvey, akavitumia katika hoja yake ya mwaka 1628 kwamba damu inazunguka.

Kilango kimoja kikilegea, damu inashuka na kukikalia cha chini yake. Nacho kinatanuka hadi midomo yake haikutani tena, kinalegea, na mzigo unahamia kwa kinachofuata. Ukuta wa vena unatanuka kwa upana na kwa urefu, na kwa kuwa hauna pa kwenda, unajikunja. Ndiyo ile minyoo ya bluu unayoiona. Uzazi unaichangia, uzito unaichangia, na ukoo pia. Kazi ya kusimama siku nzima huizidisha. Mimi ninayo mguu wa kushoto, miaka 19 wodini. Soksi za kubana zinasaidia ukizivaa asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Ukizivaa saa nne umeshachelewa.

#4 Dogo wa Mabibo

Nesi samahani, swali la rafiki yangu. Hiyo inaweza kutokea kule kwa wanaume?

#5 Nesi wa Zamu

Mpe salamu rafiki yako. Inatokea, na mara nyingi upande wa kushoto, kwa sababu vena ya kushoto inaingia kwenye vena ya figo kwa kona ya mraba, ya kulia inaingia kwa mshazari kwenye vena kubwa. Ukishika utahisi kama mfuko wa tambi. Siyo busha. Busha ni maji, na huku pwani mara nyingi chanzo chake ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu. Wala siyo ngiri, ambayo ni utumbo uliopenya. Vitu vitatu tofauti na mtaani vyote vinaitwa mshipa. Aende akapimwe, asinunue mzizi.

Na wale watakaouliza bawasiri: kila mtu anazo pedi za mishipa pale zinazosaidia kufunga njia. Zikituna na kushuka, hapo ndipo inakuwa ugonjwa. Variksi za pale zipo pia, ila ni kitu kingine na zinatokana na ini.

#6 Ukerewe Ndani

Hapo kwenye ini ndipo nimeamua kuandika, huwa nasoma tu.

Sisi wa ziwani variksi tunaijua bila kujua jina lake. Mtu mzima, hanywi pombe, mvuvi au mama wa dagaa, tumbo limeanza kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu. Siku moja anatapika damu, beseni. Baba yangu mdogo aliondoka hivyo mwaka 2006. Watu walisema karogwa, kwa sababu asubuhi alikuwa ametengeneza nyavu.

Nilipokuja kusoma nikaelewa. Ni kichocho cha tumbo. Minyoo wake hukaa kwenye vena ndogo za utumbo. Mayai mengine hutoka na choo, mengine hubebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Mwili unayazungushia kovu, miaka inapita, makovu yanazifunga njia za damu ndani ya ini. Daktari mmoja wa Cairo, Symmers, aliyaeleza mwaka 1904, akayafananisha na mashina ya kiko cha udongo. Seli za ini zenyewe zinaweza kuwa bado zinafanya kazi, ndiyo maana mgonjwa haonekani mgonjwa. Lakini damu yote ya utumbo na bandama lazima ipite pale, na mlango umebanwa. Inatafuta vichochoro, na kimojawapo ni vena nyembamba za umio. Hizo hazikuumbwa kwa mzigo huo. Zinatuna.

Sasa angalieni. Kichocho huyo, kabla hajaingia kwa mtu, analelewa na nani? Na konokono. Biomphalaria, kadogo, kamejikunja bapa kama kamba iliyokunjwa juu ya meza. Ganda lake laini tu, halina tuta hata moja. Yaani konokono asiye na variksi ndiye anayetupa sisi variksi.

#7 Kisamvu cha Nazi

Pole sana mkuu. Nafuta utani wangu wa juu.

#8 Ukerewe Ndani

Usifute, ulinichekesha.

#9 Nesi wa Zamu

Pole ndugu yangu. Niongezee kwa wanaosoma: tofauti ya shinikizo kati ya damu inayoingia ini na inayotoka ikifika milimita 10 za zebaki, variksi zinaweza kujitokeza. Kuanzia 12 ndipo zinapoweza kupasuka. Ndiyo maana mwenye ini bovu anaitwa kamera kabla hajatapika chochote. Zikionekana kubwa, anapewa propranolol kupunguza shinikizo au zinafungwa kwa vipete vya mpira kupitia kamera hiyohiyo. Choo cheusi kama lami chenye kunata ni damu iliyoshuka kutoka juu. Hapo usisubiri kutapika, nenda hospitali usiku huohuo. Na kichocho kina dawa, praziquantel, inaua minyoo. Kovu lililokomaa ndilo gumu kuliondoa.

#10 Kibokoni Mkongwe

Salaam kutoka Mombasa. Naona upande wa damu umepata wenyewe, niachieni wa kome.

Wengi wanadhani konokono wa bahari huhama nyumba. Anayehama ni kaa yule mdogo anayeingia kwenye kome tupu. Konokono mwenyewe huzaliwa na kiganda na hufa na kilekile. Nyama laini inayotanda kwenye mdomo wa ganda ndiyo inayotema chokaa na kuurefusha ukingo, kidogo kidogo, akizunguka. Wengine hawapumziki, ukuta wao ni mwororo toka nchani hadi mdomoni. Wengine hujenga kwa vipindi. Hukimbia kujenga ukuta mwembamba, kisha husimama, na akisimama huunenepesha mdomo. Huupa kingo, meno, miiba, kila jamii na mapambo yake. Hukaa hivyo muda mrefu. Akianza kujenga tena, ule mdomo mnene hubaki nyuma, umekuwa tuta mgongoni. Hiyo ndiyo variksi: kila tuta ni mdomo aliowahi kuwa nao.

Na hupangwa kwa hesabu. Chukua Chicoreus ramosus, lile kome kubwa la matawi linalouzwa na vijana wa ufukweni, ndani ya mdomo lina rangi ya waridi. Kila mzunguko matuta matatu. Ukilishika ncha ikikutazama, yanalingana juu chini kama mbavu za mwavuli, pembe ya nyuzi 120. Jamii ya Bursa ina mawili kwa mzunguko, moja kila ubavu, ndiyo maana hukaa bapa kama chura. Baragumu, Charonia tritonis, hupiga tuta kila baada ya theluthi mbili za mzunguko, kwa hiyo hayafuatani katika mstari mmoja.

Kifuniko cha lile la matawi, kile kigumu kama kucha, Waarabu huita dhufr, yaani kucha, na hukichanganya kwenye manukato ya kufukiza. Hilo si la mada lakini nimelikumbuka.

#11 Dogo wa Mabibo

Kwa hiyo ukihesabu matuta unapata umri, kama pete za mti?

#12 Kibokoni Mkongwe

La, mwanangu. Pete ya mti huja na majira. Tuta huja konokono akisimama kujenga, na kusimama kwake hutegemea chakula, maji, na yeye mwenyewe. Wawili wa umri mmoja waweza kuwa na idadi mbili. Utajua amesimama mara ngapi, hutajua lini.

Kuna jingine ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Ganda huzunguka, sivyo? Akijenga mzunguko mpya hufika mahali ambapo miiba ya tuta la zamani imemzibia njia, iko hasa pale mdomo mpya unapotakiwa kupita. Hufanyaje? Huiyeyusha. Chokaa aliyoitema mwenyewe huila tena, husawazisha, hupita.

#13 Mzee wa Ngalawa

Nawasalimu. Naandikiwa na mjukuu, macho hayaoni vizuri.

Mimi nimezamia toka ujana, Kigombe na Mtang'ata. Haya makome hatukuyapa jina la tuta. Lakini nitawaambia mkono unachokijua. Kaa wa mwamba akitaka kula kome huanzia mdomoni, humega ukingo kidogo kidogo kama mtu anayemega mkate. Kome lenye mdomo mwembamba amelimaliza. Akikuta lililonenepa mdomo, anahangaika, anaacha. Nimeokota mengi yaliyomegwa, na kovu la kumegwa limeishia kwenye tuta. Amekula hadi hapo akashindwa.

Kwa jina: muwa una pingili na una fundo. Pingili ndiyo ndefu laini, ndiyo unayotafuna. Fundo ndilo gumu, muwa umejikaza hapo. Kome vilevile. Pale alipokimbia ni pingili, pale aliposimama ni fundo. Mfasiri andika fundo.

#14 Ngamiani_K

Shikamoo mzee. Nimesoma hii nikasimama.

Nilikuja kutafuta neno moja la vitu viwili, na sasa nadhani walioliazima lile la Kilatini waliangalia ngozi tu. Kwa nje vinafanana kweli. Ndani ni kinyume. Variksi ya vena ni mahali palipoacha kushikilia: kilango kimelegea, ukuta umekuwa mwembamba, na ukiguswa vibaya unapasuka. Ya kome ni mahali palipokazwa, pananenepa kwa makusudi na ndipo kaa anapogota. Mgonjwa wa kikaratasi changu nikimwambia ana "fundo", namdanganya. Atadhani kuna kitu kigumu. Anatakiwa ajue kuna kitu laini mno.

#15 Istilahi Sanifu

Naomba kupingana. Istilahi si shairi. Daktari wa Muhimbili na mtaalamu wa makome wa Uholanzi wanasoma neno lilelile, na kila mmoja anajua linamhusu vipi kwenye fani yake. Tukiligawa tunajitengenezea maneno mawili ya kukariri badala ya moja. Andika variksi pande zote mbili, eleza mara moja kwenye mabano, maliza. Tulifanya hivyo kwa vena, ateri na kapilari na watoto wa shule ya msingi wanazitamka bila shida.

Isitoshe, "fundo" limeshajaa. Fundo la kamba, fundo la maji, fundo la moyoni. Na "kifundo" ni cha mguu! Nesi ataandika nini, "vena zilizovimba vifundoni zenye vifundo"?

#16 Nesi wa Zamu

Hapo umenishika. Lakini mwenye kusoma kikaratasi si mtaalamu wa Uholanzi. Ni mama wa miaka 60 ambaye ameambiwa asile tangu usiku na anaogopa. Variksi kwake ni jina la dawa ya kikohozi.

#17 Kibokoni Mkongwe

Bwana Istilahi ana hoja kwa vitabu. Kwa kabati la wajukuu hana. Huku kwetu mtoto aliyewahi kula muwa analijua fundo, meno yake yanalijua.

Hoja ya kaa ya mzee wa ngalawa naiunga mkono, na naongeza moja. Kuna kome la pwani ya Pasifiki huko Marekani, Ceratostoma foliatum, matuta yake matatu ni mapana kama mbawa. Walilijaribu kwa kuliangusha majini. Lenye mbawa zake hutua mdomo ukiwa chini mara nyingi zaidi kuliko lililokatwa. Konokono akibanduliwa mwambani, akatua mdomo juu, samaki wamemwona. Kwa hiyo tuta si ukuta peke yake, pia ni usukani wa kuanguka.

#18 Ukerewe Ndani

Mimi nina ombi dogo kwa mfasiri. Kwenye kikaratasi, usiandike tu "vena zilizovimba". Andika ziko wapi na zimevimba kwa sababu gani, hata sentensi moja: damu imekosa njia kwenye ini. Sisi tulikaa matanga siku tatu tunamtafuta mchawi.

#19 Ngamiani_K

Nimeiandika. Imepita kwa daktari aliyenipa kazi, kaondoa neno moja tu. Inasomeka: "Damu inayotoka tumboni hupita kwenye ini. Ini lako limeweka makovu, njia imekuwa nyembamba, na damu imepanda kwenye vena za umio. Vena hizo zimevimba na ukuta wake umekuwa mwembamba. Leo tunataka kuziona."

Kwa kabati nimeandika: "Fundo (kwa wataalamu: variksi). Huu ulikuwa mdomo wa kome hili zamani." Bwana Istilahi, umo kwenye mabano kama ulivyotaka. Mzee wa kabati amesoma akaniambia nimempunjia, kome lina mafundo mengi na mimi nimeandika moja. Nimebadilisha.

Mzee wa Ngalawa, nina ombi. Mwenye kabati hana baragumu zima, lake limevunjika ncha. Kama unalo nyumbani, nihesabie mafundo.

#20 Dogo wa Mabibo

Rafiki yangu kaenda kupimwa. Siyo busha. Anasema asante.

#21 Mzee wa Ngalawa

Ninalo, tulikuwa tukilipuliza tukikaribia nchi kavu usiku. Lina tundu la kupulizia ubavuni karibu na ncha, na chumvi imelila.

Mimi nimehesabu sita. Mjukuu anasema saba. La saba liko pale kwenye tundu, aliyelitoboa alipita katikati yake. Mimi kwa macho silioni. Yeye amelipata kwa kidole.

#22 Ngamiani_K

Naandika saba. Shikamoo mzee, na mjukuu ahsante.